"Mwalimu, hapa huingii kama huna shida"

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, nimekaa nayo moyoni tangu mwezi wa 8 na kila nikijaribu kuipunguza naona nakata pale penye utamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, wanafunzi wangu wamejaa mji mzima, wengine wanaendesha bajaji, wengine wako Mtumba, ule mji wa serikali, kwenye viti vya kuzunguka, na mmoja ni mlinzi wa getini kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini ambayo siitaji jina maana sitaki kijana wa watu aharibikiwe kibarua. Huyo mlinzi ndo kanifanya nishike kalamu. Ila ili mnielewe lazima nianzie mbali, nianzie Denmark.

Binti yangu wa pili anasoma kule, mji unaitwa Aarhus, wenyewe wakiutamka unasikia kama "Ohus", ni mji wa pili kwa ukubwa nchini kwao baada ya Copenhagen. Mwaka jana mwezi wa 6 akanitumia tiketi, mama njoo umwone mjukuu kabla hajasahau Kiswahili. Nikaenda na ubuyu kilo 2, zabibu kavu, na mlenda wa unga ambao uwanja wa ndege waliunusa wakanirudishia bila neno.

Nilishukia Copenhagen, na kabla ya treni binti akanipitisha kwenye jumba la jiji la pale, la matofali mekundu, kazi ya msanifu Martin Nyrop, lilikamilika 1905 na mnara wake una mita 105.6. Huo sikuupanda, miguu ilikuwa imevimba kwa ndege. Niliangalia tu saa moja iliyomo ndani chini, aliyeibuni ni Jens Olsen, alifariki 1945 na saa yenyewe ikaja kuwashwa 1955, mwenyewe hayupo. Ina gurudumu moja la meno linalomaliza mzunguko mmoja kwa miaka 25,753. Nikamuuliza binti, sasa likikwama nani atajua? Hakunijibu, tukawahi treni. Masaa 3 hivi mpaka Aarhus, nikawa najiona kama niko kwenye SGR yetu natoka Dar narudi nyumbani, tofauti ni kwamba badala ya mabonde ya Kilosa na mibuyu wewe unakatiza bahari na mashamba ya ngano.

Sasa siku ya 4 binti akasema mama leo nakupeleka rådhus. Hilo neno ni la kwao, råd ni ushauri au baraza, hus ni nyumba, kwa hiyo ni nyumba ya baraza, hapa kwetu tungesema jengo la halmashauri. Mie nikajua ana kitu chake cha kufuatilia, kibali, risiti, sijui nini. Nikavaa vizuri, nikaweka paspoti kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha NIDA, maana ofisi ni ofisi.

Tumefika mlangoni nikasimama. Ndiyo mazoea, unasimama, unatafuta meza yenye daftari, unatafuta kalamu iliyofungwa kamba. Hakuna daftari. Nimeshashika zipu ya pochi nitoe NIDA, binti ananivuta mkono, "Mama ingia tu." Naingia kwa nani? "Huingii kwa mtu, tunaangalia." Kuna dada alikuwa kaketi pale mapokezi, akatutazama, akatabasamu, akaendelea na kompyuta yake. Yaani mhariri, nimeishi miaka 60 na zaidi sijawahi kuingia ofisi ya serikali bila kuulizwa una shida gani. Nilihisi kama nimeiba.

Ndani ni ukumbi mkubwa, sakafu ya mbao inang'aa, upande mmoja kioo kitupu kuanzia chini mpaka juu unaona bustani nje na watu wamelala kwenye nyasi. Ukisogea mbele kuna sehemu ya ofisi ndefu kama behewa la treni, katikati wazi, varanda za ghorofa zinatazamana pande mbili na mwanga unashuka kutoka juu ya paa, mfanyakazi akitoka mlango wa ghorofa ya juu na faili lake unamuona toka chini kabisa. Nikawaza, hapa mtu akisema "bosi katoka" utamuona mwenyewe kama katoka kweli.

Viti navyo. Samani za jengo lile zilibuniwa na Hans Wegner, wakati huo kijana tu ameajiriwa kwenye ofisi ya wasanifu, baadaye akaja kuwa jina kubwa la viti duniani. Mimi nilipopata kiti cha kukaa kwanza nilikiinamisha kuangalia chini kama kina ile namba ya mali ya ofisi ya rangi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono, sikuiona. Mbao zimeungana bila msumari kuonekana, mgongo umekatwa ukakaa pale pale panapouma. Marehemu baba yangu alikuwa seremala Mpwapwa, angekikalia kile kiti angenyamaza dakika 10.

Tukaungana na kundi la watu kama 20, mwongozaji mama wa makamo anaongea Kiingereza cha kueleweka, na yeye ndo alitupa habari iliyonifanya nisahau goti. Akasema hili jengo mwanzoni halikuwa na mnara. Shindano la michoro lilifanyika 1937, wakashinda vijana wawili, Arne Jacobsen na Erik Møller, mchoro wao ni jengo jepesi la kisasa, zege, madirisha, basi. Mnara kwao ulikuwa mambo ya kizee. Wananchi wakaja juu! Wakasema hili si jumba la mji, nyumba ya baraza gani haina mnara, mgeni atajuaje kwamba hapa ndo mjini. Kelele zikapigwa mpaka magazetini, wasanifu wakabanwa, mwisho wakakubali kwa shingo upande, wakaongeza mnara wa mita 60 na nje wakalivisha jengo marumaru iliyotoka Norway ili lipate heshima. Likazinduliwa tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 1941.

Hebu fikiria mhariri, mnara wa zege umesimama pale mpaka leo kwa sababu ya watu kama mimi na wasomaji wako, watu wa kulalamika gazetini. Mimi niliposikia hivyo nikampiga binti kiwiko.

Halafu na wasanifu nao hawakushindwa kijinga. Waliambiwa weka mnara wakaweka, ila wa kwao. Ukiutazama toka nje sehemu kubwa ni fremu za zege ziko wazi, hewa inapita, kama mafundi wamemaliza kazi wakasahau kutoa mirunda. Na saa, kila mtu anajua saa inakaa kileleni, wao wameiweka chini huko katikati ya mnara kama mkanda wa kiunoni. Nikisema ukweli wangu mnara wenyewe sikuupenda sana kwa sura. Jengo ni zuri, mnara ni ubishi. Lakini ubishi huo ndo umekuwa alama ya mji, kila picha ya Aarhus unauona.

Kupanda sasa. Nilihesabu ngazi mpaka 60 na kitu nikaacha, pumzi ikawa ya kubembeleza, goti la kulia linalia kama mlango. Mjukuu wangu ana miaka 7, alishanipita, sauti yake inatoka juu huko, "Bibi, bado kidogo!" na kila nikifika ni bado kidogo tena. Mzungu mmoja mzee nyuma yangu naye anahema, tukawa tunapeana zamu ya kusimama, hatujuani lugha ila magoti yanaelewana. Kwenye kishikio cha ngazi mkono wangu uliteleza sehemu moja, pamelainika, nikajua hapa ndipo kila mtu anaposhika anapochoka.

Juu ni upepo. Na mimi ni mtu wa Dodoma, upepo wa mwezi wa 7 naujua, ule wa kubeba mabati na kukuachia mchanga kwenye meno. Wa kule hauna vumbi ila una chumvi na baridi, mwezi wa 6 huo, eti kiangazi. Nilijifunga kitenge juu ya koti. Chini unaona mapaa mekundu, bandari, kanisa kuu la Domkirke na mnara wake wa mita 96, na upande mwingine paa la jumba la sanaa lina njia ya duara ya vioo vya rangi kama upinde wa mvua, watu wanatembea humo ndani wanaonekana wekundu halafu njano halafu kijani. Mwongozaji alikuwa anatuonyesha kwa kidole mtaa kwa mtaa, pale palikuwa hivi, pale tumebomoa tukajuta. Mjukuu akatafuta nyumba yao akaipata, akapiga kelele kama kaokota hela.

Kitu kingine kilichonikaa ni habari ya vita. Denmark ilivamiwa na Wajerumani wa Hitler tarehe 9 Aprili 1940, kwa hiyo jumba lile lilimaliziwa na kuzinduliwa askari wa kigeni wakiwa mjini. Kuna chumba kimoja kimepambwa na mchoraji Albert Naur, maua maua ukutani, ukipita haraka unaona ni mapambo ya bibi. Kumbe humo kwenye maua jamaa alificha alama za majeshi yaliyokuwa yanapigana na Hitler, na Wajerumani wapo hapo hapo. Nilisogeza miwani nikatafuta, mwongozaji akanionyesha. Na huyo Arne Jacobsen ana asili ya Kiyahudi, 1943 ilibidi akimbie usiku kwa mtumbwi kuvuka kwenda Sweden, jumba lake akaliacha halina hata miaka 3. Haya mambo ungeyasoma kitabuni ungesahau kesho, ukisimama mbele ya ukuta wenyewe husahau.

Tumetoka nje tukakuta harusi. Pale watu wanafungishwa ndoa pale pale kwenye jumba la mji, bibi harusi kavaa raba nyeupe, ndugu wanawarushia mchele. Mchele mhariri! Umetapakaa kwenye ngazi, ndege wanaokota, mie naupigia hesabu kwa bei ya soko letu la Sabasaba. Na pembeni kuna chemchemi ya sanamu ya nguruwe jike na watoto wake, kazi ya Mogens Bøggild, mama anatoka udenda na vitoto vinakojoa maji, mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Nilipomuonyesha picha jirani yangu Mama Zuhura akashika mdomo, "Nguruwe? Mbele ya ofisi ya mkurugenzi?" Nikamwambia ndiyo, na anakojoa.

Siku chache baadaye tulikuwa maktaba yao kubwa ya bandarini, Dokk1, tumekaa mjukuu anasoma, mara likalia kengele zito, gooong, watu wote wakainua vichwa wakatabasamu wakarudi kwenye vitabu. Binti akaniambia mtoto kazaliwa. Kuna bomba kubwa la shaba linaning'inia ndani ya maktaba, mzazi akijifungua hospitali kuu kule anabonyeza kitufe na kengele inalia huku. Nilikaa nusu saa nzima nasubiri mtoto mwingine azaliwe.

Haya. Nimerudi nyumbani mwezi wa 7 mwishoni, mwezi wa 8 mjukuu mwingine, huyu wa hapa hapa, kaanza kunisumbua na picha, Bibi na sisi twende tukaone la kwetu. Nikasema sawa, kuna jengo moja la ofisi hapa mjini kubwa zuri jipya, limekula vioo, nalipita kila siku kwenye daladala nalitamani. Tukaoga, tukavaa, tukaenda. Getini nikamkuta mwanafunzi wangu. Nilimfundisha darasa la 4, alikuwa na mwandiko wa kuku ila hesabu anaweza. Kasimama kwa heshima kabisa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mbukwa baba, hujambo?"

"Mbukwa Mwalimu. Karibu. Una shida gani leo?"

"Sina shida. Nimekuja na mjukuu wangu tuangalie jengo."

Akafikiri natania. Akafungua daftari. Nililijua lile daftari kabla sijaliona, lina mistari ya rula ya biki nyekundu: Jina, Utokako, Namba ya simu, Unakwenda kwa nani, Dhumuni, Saa ya kuingia, Sahihi. Nikajaza. Kwenye Unakwenda kwa nani nikaweka mstari. Kwenye Dhumuni nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, "Kuangalia." Akasoma, akakuna kichwa, akaenda kwa mwenzake, wakaongea, akarudi. Akasema kwa sauti ya chini kama ananiambia habari ya msiba, "Mwalimu, hapa huingii kama huna shida."

Nikamwambia basi niandikie shida yoyote unayoona inafaa. Akacheka, nami nikacheka, mjukuu hakucheka. Akatuletea viti vya plastiki tukae kivulini tupumzike, akamnunulia mtoto juisi ya kopo kwa hela yake mwenyewe. Kwa hiyo simlaumu hata kidogo, kijana amelelewa. Amepewa amri, na amri inasema mwananchi anaingia pale akiwa na tatizo tu. Hajawahi kuambiwa kwamba kuna mtu anaweza kuipenda ofisi yake ya umma bure bure.

Ndiyo maana naandika. Naomba wakubwa wetu wenye haya majengo, wote kwa ujumla wao simnyooshei mtu kidole, watutengee hata asubuhi moja kwa mwezi, Jumamosi, ambayo mtu bila shida anaruhusiwa kuingia. Kundi la watu 20, mtumishi mmoja anayejua historia, saa moja na nusu, mmemaliza.

Najua majibu yatakuwaje, nimekaa kwenye vikao vya walimu nayajua majibu yote. Wa kwanza atasema usalama. Sawa, hata kule hatukuingizwa kila chumba, kuna milango ilifungwa na tulipita tu, mwongozaji yuko mbele na mwingine yuko nyuma. Wa pili atasema wenzetu wana hela. Lakini mimi siombi marumaru ya Norway, naomba mlango ufunguliwe, na mlango tayari upo na mlinzi tayari analipwa. Wa tatu, huyu ndo ananiudhi, atasema wananchi wataharibu vitu. Nimekuwa napeleka watoto wa darasa la 6 na la 7 bungeni pale Dodoma mjini kwa ziara za mafunzo, watoto 45 kwenye basi la viti 30, wamekaa jukwaa la wageni, shule yetu ikitajwa wanasimama wabunge wanagonga meza, na hakuna mtoto aliyevunja hata kijiti. Kuna mmoja alilala, ila hilo ni jambo la kawaida mule.

Kwa hiyo kumbe tunaweza. Bunge ndo nyumba nzito kuliko zote na inapokea watoto wenye vumbi miguuni toka Chamwino na Bahi. Iweje hizi ndogo zitushinde?

Na hili la Dodoma lina uzito wake, si la kuiga wazungu. Mimi 1973 nilikuwa darasa la 3 chama kilipoamua makao makuu yahamie hapa, mwalimu wetu alituimbisha siku hiyo mpaka kengele ya kutoka. Tukasubiri. 1976 ikaja ramani kuu ya mji, wakaichora wataalamu wa Canada, sisi huku tunasikia redioni tu. Tukasubiri tena, watu wakawa wanatucheka eti makao makuu ya vumbi. Mpaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli kweli, tarehe 26 Aprili 2018 tukaitwa jiji, na sasa Mtumba kumejaa majengo, ukipita barabara ya Dar usiku kunawaka kama meli. Miaka 50 tumeyasubiri haya majengo mhariri. Halafu yamekuja, tunayaona kwa nje ya uzio, na mtoto akiuliza ndani kukoje namjibu sijui baba, Bibi hajawahi kuwa na shida ya kufika huko.

Na michoro pia. Wale wa Aarhus waligombana juu ya mchoro kabla tofali halijalala, ndo wakapata mnara. Sisi tunajua jengo linakujaje siku tunapoona uzio wa mabati ya bluu umezungushwa, basi tunahesabu ghorofa zikipanda. Kama kuna mchoro wa jengo la wananchi ubandikwe hata pale Nyerere Square wiki mbili, tupite tuutukane au tuusifie. Tutakosea mengi, wengine watataka mnara, wengine watataka umbo la zabibu, mtu wa Kondoa atadai ziwekwe zile picha za mapangoni Kolo, sawa tu, hata wale walimlazimisha msanifu mnara asioutaka.

Mnara wa kwetu sijaomba, goti langu nalijua. Ukitaka kuuona mji wote kwa juu kuna Mlima wa Simba, vijana wanapanda Jumapili kwa mazoezi, wazee tunaangalia picha zao za WhatsApp.

Nimalizie na hili. Jumanne ijayo saa 3 asubuhi nitakuwa tena getini pale na mjukuu wangu, tutakuja na bajaji. Daftari nitajaza kama siku ile, Dhumuni: kuangalia. Kama mkubwa wa pale anasoma gazeti hili, na najua analisoma maana siku ile nililiona mezani kwa mlinzi limefungiwa maandazi, basi amwambie yule kijana mapema asije akahangaika tena mbele ya mwalimu wake. Na kama haiwezekani Jumanne aniambie siku gani, namba yangu ya simu iko kwenye daftari lao, ukurasa wa tarehe 19 mwezi wa 8.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma